Maswali ya Wasomaji: Uzamili wa afya ya jamii kwa mtandao, huku kazi inaendelea

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wafanyakazi wa afya, Unguja na Pemba, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: vipi mtu atasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, ile inayojulikana kwa herufi za MPH, kwa njia ya mtandao na kwa muda wa ziada, bila ya kuacha kazi. Tumechagua saba.

Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, nafanya kazi kwa zamu na nina watoto wawili. Nimekubaliwa na chuo cha Uingereza kusoma MPH ya mtandaoni ya krediti 180. Wananiruhusu kumaliza kwa miaka miwili hadi mitano. Nichague mingapi? — Muuguzi, Wete

Wa alaykum salaam, dada, na hongera kwa kukubaliwa. Usianze na miaka, anza na saa. Krediti moja ya Uingereza huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, kwa kuchanganya kila kitu: mihadhara, vitabu, kazi za kuandika na tasnifu. Krediti 180 basi ni saa 1,800. Katika mwaka toa wiki 12 za Ramadhani, sikukuu, maradhi ya watoto na zile wiki ambazo wodi imekosa watu. Zinabaki wiki 40. Kwa miaka miwili utahitaji saa 22 na nusu kila wiki, kwa miaka mitatu saa 15, kwa miaka mitano saa 9.

Saa 22 na nusu kwa mtu wa zamu mwenye watoto wawili hazipatikani. Zinapatikana kwenye karatasi tu, na ndiyo sababu kubwa ya watu kuacha njiani katika mwaka wa kwanza: wamelipia moduli (yaani masomo ya kozi) mbili kwa mpigo, wiki ya tatu wamepitwa, wiki ya sita wanaona aibu hata kumwandikia mkufunzi. Sisi tungekushauri miaka mitatu na nusu au minne, moduli moja kwa wakati. Moduli ya krediti 15 ni saa 150. Ukisoma saa 15 kwa wiki unaimaliza kwa wiki 10, na wiki ikiharibika una nafasi ya kuifidia.

Saa 15 zinatoka wapi? Chukua ratiba ya zamu ya mwezi uliopita, iliyokwisha kufanyika, si ile unayoitarajia. Siku ya kutoka zamu ya usiku ifute kabisa. Usingizi wa siku hiyo ni deni, na kusoma takwimu na usingizi kichwani ni kusoma mara mbili. Wengi wenye watoto wadogo wanafanikiwa zaidi baada ya sala ya alfajiri, kuanzia saa 11 hadi kukaribia saa 1 asubuhi, kuliko usiku. Saa moja na nusu kwa siku tano ni saa 7 na nusu, na siku mbili za mapumziko ukipata saa 4 kila moja umefika 15 na nusu. Ukijaribu mpango huo kwa wiki nne kabla ya kulipa, kwa kusoma kozi ya bure ya epidemiolojia, yaani elimu ya namna maradhi yanavyoenea, mtandaoni (chuo cha Johns Hopkins cha Marekani wanazo kwenye tovuti ya Coursera), utajua ukweli wako kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Jambo la pili kwako ni saa ya mwisho ya kukabidhi kazi. Vyuo vya Uingereza hufuata saa za London, nasi tuko mbele kwa saa 3 wakati wa baridi kwao na saa 2 wakati wa joto. Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hivyo kazi ya kukabidhiwa 12:00 mchana wa London mwezi wa Januari ni saa 9 alasiri kwetu, na mwezi wa Juni ni saa 8 mchana. Mtu aliyezoea saa za Kiswahili huitizama ile 12:00, kichwa kikasoma saa 12 jioni, akaingia amechelewa kwa saa tatu na alama zimeshakatwa. Andika kila tarehe ukutani kwa saa zetu, na ujiwekee mwisho wako siku mbili kabla. Ama vyuo vya Marekani vyenye vipindi vya moja kwa moja, hapo pana mzigo mwengine: kipindi cha saa 12 jioni cha Baltimore wakati wa baridi ni saa 8 usiku Wete. Uliza mapema kama kuhudhuria papo hapo ni lazima au rekodi inatosha.

Nina stashahada ya afya ya mazingira na uzoefu wa miaka 14. Wakala mmoja ameniambia uzoefu wangu unatosha kuingia MPH moja kwa moja. — Afisa afya, Mkoani

Ndugu yetu, usimpe pesa. Uzamili hujengwa juu ya shahada ya kwanza. Vipo vyuo halali vya nje vinavyoweza kumpima mtu kwa uzoefu, lakini siku utakapopeleka cheti kitambuliwe hapa nyumbani, utaulizwa uliingia kwa sifa gani. Anza na shahada ya kwanza. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilikiunganisha Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbweni mwaka 2016, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinafundisha kwa masafa na kina vituo Unguja na Pemba. Miaka 14 yako haitapotea, kwa sababu katika MPH mtu aliyekagua visima na vyoo hupata cha kuandika kuliko aliyesoma tu.

Nitajuaje kwamba shahada ya chuo cha nje itatambuliwa? Nimeona vyuo vingi vinajitangaza. — Daktari, Mjini Unguja

Anayetambua vyeti vya vyuo vikuu vya nje ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na hili linahusu Zanzibar pia. Waandikie kwa barua pepe kabla ya kulipa, utaje mambo manne: jina kamili la chuo, jina la programu kama litakavyoandikwa kwenye cheti, muda wake, na kwamba yote inasomwa kwa mtandao. Hilo la mwisho wengi hulificha wakidhani litawadhuru, halafu linakuja kuwadhuru kweli. Jibu la TCU lihifadhi pamoja na barua ya kukubaliwa na risiti zote.

Huku nawe fanya uchunguzi wako. Chuo cha Uingereza, kikiwa England kwenyewe, kitafute kwenye rejista ya taasisi inayosimamia vyuo vya huko, Office for Students (vya Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini haivisimamii). Cha Marekani kitizame kwenye orodha ya CEPH, baraza linaloithibitisha elimu ya afya ya jamii. MPH iliyothibitishwa na CEPH haipungui krediti 42 za kwao (krediti zao si sawa na za Uingereza, usizilinganishe namba kwa namba). Katika vyuo vyenye historia ndefu ya kufundisha afya ya jamii kwa masafa, London School of Hygiene & Tropical Medicine na University of the Western Cape ya Afrika Kusini vinajulikana vizuri.

Chuo bandia kina dalili zake: kinakukubali siku hiyo hiyo, hakitaki waraka wa alama kutoka chuo chako cha zamani, kinakupunguzia ada ukilipa leo, na hakina tasnifu wala mradi wa mwisho. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kusimama.

Kwa daktari kuna jambo dogo linalosumbua. Shahada ya udaktari ya hapa kwetu haina daraja, na fomu za Uingereza zinataka daraja. Usilibuni. Andika kuwa shahada haipangwi kwa madaraja, ukaambatishe waraka wa alama pamoja na ukurasa unaoeleza maana ya A, B na C.

Ada ni pauni maelfu. Mshahara wa serikali hautoshi. Kuna njia? — Mfamasia, Mwera

Ipo, lakini ni nyembamba. Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza ina ufadhili maalumu wa masomo ya masafa kwa raia wa nchi zinazoendelea za Jumuiya hiyo, na Tanzania imo. Ufadhili huo unalipa ada. Haulipi mshahara wala gharama za maisha, maana unabaki kazini kwako. Hutolewa kwa kozi zilizomo kwenye orodha ya mwaka husika tu, na maombi ni mawili: moja kwa chuo, moja kwa Tume. Watu wenye sifa nzuri hutupwa nje kwa sababu walituma moja wakasahau jengine. Sifa ya kawaida ni daraja la pili la juu katika shahada ya kwanza. Mwenye daraja la pili la chini huhitaji shahada au stashahada nyengine ya juu inayohusiana na somo. Sehemu inayoamua ni ile unayoeleza masomo yataleta nini hapa kwetu. Usiandike "nitasaidia jamii". Taja kituo, tatizo, na hatua utakayoweza kuichukua ukiwa na ujuzi huo: kwa mfano kwamba dawa za shinikizo la damu zinaisha kabla ya mwezi kumalizika katika vituo vya wilaya yako, na wewe ndiye mwenye kuandaa makisio.

Kwa mikopo, soma kwa makini tangazo la mwaka huu la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, hasa sharti la namna ya kusoma: linasema masomo ya masafa yamo au hayamo.

Na ukilipa mwenyewe, lipa kwa moduli. Ukituma pesa kupitia benki, mwambie karani kuwa gharama zote za kutuma zibebwe na wewe. Fomu huandika OUR. Usipofanya hivyo, benki za katikati hukata chao njiani, chuo kinapokea pungufu ya ada, na akaunti yako ya masomo haifunguliwi kwa ajili ya pauni kumi na tano. Namba yako ya mwanafunzi iandikwe kwenye maelezo ya malipo.

Hesabu niliziacha skuli. Naogopa takwimu kuliko kitu chochote. — Afisa lishe, Kivunge

Hofu hii tunaiheshimu, kwa sababu takwimu na epidemiolojia haziepukiki katika MPH yoyote ya maana. Lakini hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kugawa. Kinacholeta taabu ni maana. Tukuoneshe.

Tuseme umepima mkojo wa wanafunzi 500. Kati yao 200 huoga kwenye kijito, na 60 wa hao wana mayai ya kichocho. Wengine 300 hawaogi kijitoni, na 30 wana mayai. Wa mwanzo: 60 kwa 200, asilimia 30. Wa pili: 30 kwa 300, asilimia 10. Gawa 30 kwa 10, unapata 3. Maambukizi kwa waogao kijitoni ni mara tatu ya wasiooga.

Sasa programu ya kompyuta itakupa namba nyengine, uwiano wa odi. Huo haulinganishi wagonjwa na wote, unalinganisha wagonjwa na wazima: 60 kwa 140 upande huu, 30 kwa 270 upande ule. Ukizidisha kwa msalaba, 60 mara 270 ni 16,200, na 140 mara 30 ni 4,200. Gawa, unapata 3.86. Namba zote mbili ni sahihi, ila mwanafunzi akiandika kuwa "waogao wana maambukizi mara 3.86" amekosea, na kosa hili ndilo tunaloliona kuliko jengine lolote. Maradhi yakiwa yameenea sana, uwiano wa odi huikuza tofauti. Yakiwa machache, namba mbili zinakaribiana: weka 6 mahali pa 60 na 3 mahali pa 30, uwiano wa kwanza unabaki 3 na wa odi unashuka hadi 3.06. Jaribu kwa kalamu.

Ukiweza kulifuata hilo, utaziweza takwimu za mwaka wa kwanza. Kwa mazoezi pakua R, programu ya takwimu ambayo ni bure. Stata ni ya kulipia, lakini vyuo vingi huwapa wanafunzi leseni, kwa hivyo uliza kabla ya kununua. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha.

Umeme na intaneti vya huku mnavijua. Nifanyeje siku ya kipindi? — Mkunga, Micheweni

Kinachokatika mara nyingi si mtandao, ni umeme wa ruta. Ruta ndogo hula kama wati 10, na betri ya kuchajia simu ya mAh 10,000 inaweza kuipa kazi kwa muda wa saa 3 hivi. Ila betri hizo hutoa volti 5 na ruta nyingi zinataka 9 au 12, kwa hivyo utahitaji waya wa kupandisha volti. Soma maandishi chini ya ruta kabla ya kununua: ikiwa imeandikwa 12V 1A, na betri yako inatoa 5V 2A, ruta itakuwa inazima na kuwaka kila inapozidiwa. Betri maalumu ya ruta, yenye tundu la volti 12, ni salama zaidi.

Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kula GB 1 au zaidi. Zima kamera yako na uombe pia kutooneshwa za wenzako, matumizi yatapungua sana. Rekodi na makala zipakue siku za mapumziko. Makala za majarida ya kulipia tafuta kupitia maktaba ya chuo chako. Pia kuna Hinari ya Shirika la Afya Duniani, inayozifungulia taasisi za nchi kama yetu, kwa hivyo muulize mkutubi wa taasisi yako kama mmesajiliwa.

Nafanya kazi maabara. Kwa tasnifu nataka kupima kichocho kwa wanafunzi wa wilaya nzima. Msimamizi wangu wa chuo anasita. — Mtaalamu wa maabara, Chake Chake

Anasita kwa haki, nawe tazama kwa nini. Ukikadiria kiwango usichokijua, unaweka asilimia 50, na kwa usahihi wa asilimia 5 juu na chini fomula ya kawaida inakupa watu 385. Lakini wewe huchagui watoto mmoja mmoja, unachagua skuli, na watoto wa skuli moja huchota maji na kuoga pamoja, wanafanana. Ukizidisha kwa 2 kufidia hilo unafika 770. Tegemea asilimia 10 watakosekana: gawa 770 kwa 0.9, unapata 856. (Wengi hapa huzidisha kwa 1.1, wakapata 847, na mtahini huliona.) Mkojo wa kichocho hukusanywa vizuri zaidi baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi, kisha unachuja mililita 10 kwa kila mtoto. Kwa watoto 40 kwa siku, ni siku 22 za skuli. Hizo ni saa zako za kazi. Nani atasimama kwenye benchi lako?

Kisha vibali. Chuo chako kina kamati yake ya maadili, na hiyo haitoshi. Utafiti wa afya Zanzibar unapita kwenye kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Kibali cha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya Tanzania Bara, hakishiki nafasi yake. Kwa skuli utahitaji ruhusa ya Wizara ya Elimu na walimu wakuu, masheha wajue, ridhaa ya mzazi iwe kwa maandishi ya Kiswahili cha kueleweka, na mtoto mwenyewe aulizwe. Sampuli hata moja iliyochukuliwa kabla ya kibali haitumiki, na chuo kinaweza kuikataa tasnifu nzima. Waombe chuo wakuruhusu kuomba maadili miezi sita kabla ya moduli ya tasnifu kuanza.

Ushauri wetu: tumia takwimu zilizokwisha kukusanywa. Rejista za maabara za miaka mitano, au takwimu za vituo zilizomo kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi takwimu za afya, zinabeba swali zuri: je, wanaopimwa wanaongezeka wapi, na wanaokutwa na mayai wanapungua wapi? Ruhusa ya Wizara ya Afya na kamati ya maadili bado inahitajika, ila hakuna mtoto atakayeguswa na zamu yako haivunjiki. Kabla ya kumwandikia msimamizi, chukua, kwa idhini ya mkuu wako, rejista za miezi mitatu na uhesabu visanduku vitupu: umri, jinsia, shehia, idadi ya mayai. Umri ukiwa umeandikwa kwa miaka mahali na kwa miezi kwengine, au shehia ikikosekana kwa mgonjwa mmoja kati ya watatu, swali lako libadilishe sasa. Kichocho kimefanyiwa kazi kubwa Pemba kwa miaka mingi, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko hapo hapo Chake Chake. Kabla ya kufunga swali lako, nenda ukawaulize wao ni lipi ambalo bado halijajibiwa.

Na jina lako, kwa kuwa umetuandikia kwamba cheti cha kuzaliwa kina majina matatu na shahada ina mawili: lirekebishe kabla ya kujisajili, si siku ya kuhitimu. Khamis ya cheti kimoja na Hamisi ya chengine ni watu wawili kwa mtu wa usajili aliyeko Ulaya. Kula kiapo mbele ya wakili kinachoeleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja, na tumia jina la pasipoti kila mahali kuanzia fomu ya kwanza.